Toeni Blanketi Kwanza

Kaeni vizuri, wajukuu zangu, na simu zenu mzilaze kifudifudi mpaka nimalize. Yangu sitailaza, mnisamehe. Tangu nistaafu uuguzi nimekuwa mtu wa kuogopa simu ikiita, na kuogopa zaidi isipoita. Nipo hapa Ilula, nalima nyanya na kuuzia wasafiri barabarani, na mlio ukisikika mfukoni naweza kumwacha mteja ameshika ndoo dirishani mwa basi. Dada mmoja wa Dar aliwahi kunicheka: "Mama, kwani una mchumba huko?" Nikamwambia nina mjukuu Mbeya, inatosha.

Mjukuu huyo anaitwa Neema, na ameniruhusu kuyasimulia haya kwa sharti moja, kwamba nisimpambe. Sitampamba.

Mimi sikusomea kuhubiri kuhusu dawa za kulevya. Nilisomea kufunga vidonda, kuchoma sindano na kuwagombeza ndugu wa wagonjwa wanaoingia wodini saa zisizo za kuona wagonjwa. Nusu ya kazi yangu niliifanya Mbeya, chumba cha dharura, chini ya muuguzi mkuu tuliyemwita Sista Tumpe. Alikuwa Mnyakyusa wa Tukuyu, mfupi, mwenye sauti ya kuamsha aliyelala kijiji cha pili. Kwa Mhehe kama mimi, niliyezoea watu wa kusema polepole, wiki za kwanza nililia chooni.

Ndiye aliyenifundisha neno ambalo nimelibeba mpaka leo. Mnajua baridi yetu. Huku kwetu mtu akitetemeka hakuna anayeuliza maswali. Anafunikwa. Kama blanketi moja halitoshi linaletwa la jirani, na jiko la mkaa linasogezwa karibu na kitanda, na dirisha linafungwa. Ni upendo huo, siudharau. Mama yangu alinilea hivyo. Wagonjwa walikuwa wakitufikia wamekunjwa kama magunia ya viazi, pua tu ndiyo nje. Sista Tumpe alikuwa hamuulizi mgonjwa jina kabla ya kumfunua. "Blanketi ni mwongo," alikuwa akisema. "Linakuambia mtu ana baridi. Weka mkono shingoni, shingo haijui kudanganya."

Nilidhani ni visa vya uzee. Kisha akaletwa kijana mmoja.

Walimleta kutoka upande wa Usangu, ndani ya gari la kubebea mpunga, mchana wa jua. Mablanketi matatu. Kijana mzuri, kifua cha mcheza mpira, macho yamemtoka na mboni zimepanuka, anarusha mikono na kusema maneno yasiyoshikana. Baba yake mdogo ndiye aliyekuwa msemaji. "Ni malaria, sista. Malaria imempanda kichwani." Njiani walikuwa wamesimama mahali akaombewa, na wanaume wanne wakamkandamiza chini wakidhani ni mapepo. Tulipomfunua, joto lililotoka pale lilinipiga usoni. Tukapima malaria, hana. Daktari akamuuliza baba mdogo mara ya pili, na ya tatu: kijana ametumia kitu? Yule mzee akatazama kofia yake na kusema, "Kwetu hakuna mtu wa namna hiyo."

Kijana alikata roho mikononi mwetu. Ni wakati tunamfunika shuka usoni ndipo baba mdogo akakaa sakafuni akasema, "Ni kokeni. Alirudi nayo kutoka mjini. Nilijua tangu nyumbani." Sikumchukia. Alikuwa amelinda jina la ukoo mpaka akakosa wa kulibeba. Mficha maradhi kifo humuumbua, tunasema, lakini siku ile aliyeficha alikuwa mmoja na aliyeumbuliwa mwingine. Sijui kama tungemwokoa. Najua tungejua tunapigana na nini.

Basi nikaomba nirudishwe Iringa, nipangiwe elimu ya afya mashuleni. Wenzangu walinicheka, eti nimechoka zamu. Nikapewa pikipiki ya ofisi, dereva wake, na picha za kubandika: fuvu la kichwa na mifupa miwili, chini yake maneno makubwa mekundu. Nikayabandika mafuvu yale kuanzia Iringa mjini mpaka Mgololo kwenye kiwanda cha karatasi. Nikirudi baada ya muda nakuta fuvu limechorewa miwani ya jua, na mengine yamepewa jina la mwalimu wa nidhamu. Shule moja lilivalishwa tai.

Nikabadilisha njia. Nikamchukua kaka mmoja aliyewahi kutumia na akapona, tumwite Festo, nikazunguka naye atoe ushuhuda, maana sisi wa kanisani tunaamini ushuhuda hauna mpinzani. Festo alisimulia vizuri mno. Alisimulia magari, muziki, hoteli za Dar, kisha kuanguka kwake. Mwisho nikasema, "Maswali?" Mkono wa kwanza: "Kaka, hivyo viatu ulinunua wapi?" Mkono wa pili ulikuwa wa viatu pia. Walikuwa wameisikia sherehe, mazishi yakawapita kando.

Lakini Festo huyo huyo, tukiwa tumekaa nje tunakula mahindi ya kuchoma, alinipa maneno niliyoyatumia miaka yote iliyofuata. Alisema, "Sista, nzuri ilikuwa ile ya kwanza tu. Nyingine zote nilikuwa naitafuta ile." Akaniambia jinsi ikiisha inavyomwacha mtu mtupu, hana hamu ya chakula wala ya mama yake, anawaza kitu kimoja tu, na anauza hata godoro analolalia. Yasikieni hayo, na viatu mviache.

Nikaona bora nifundishe ninachokijua kwa mikono yangu. Nikaanza kusafiri na blanketi. Lile zito la kijivu, mnalijua. Darasani namchagua kijana mwenye mbwembwe kuliko wote, namtuma akimbie kiwanja cha mpira mpaka ahemewe, akirudi namkalisha mbele na kumzungushia blanketi mpaka kidevuni. Kisha mimi naendelea na somo kama hayupo. Nawaeleza kuwa kokeni inaufanya moyo ukimbie hali mtu amekaa, inaibana mishipa ya damu, inapandisha joto kutoka ndani, na kwamba ukichanganya na pombe unauongezea moyo mzigo juu ya mzigo. Nawaeleza kuwa kuna watu moyo umewasimama mara ya kwanza, wengine wamepooza upande mmoja wakiwa na umri wa kwenda jando. Hapo mara nyingi blanketi linaanza kuongea.

"Sista, naomba nitoke."

"Una baridi?"

"Sista, jamani, naungua!"

Darasa linaangua kicheko. Nawaacha wacheke, kisha nawaita mmoja mmoja wamguse shingo. Wanaacha kucheka. Nawaambia, "Huyu kakimbia kidogo tu, na ana akili ya kuomba atolewe. Mwenzako aliyetumia kokeni haombi. Anatetemeka, na wewe kwa huruma yako unamfunika. Toa blanketi kwanza. Fungua dirisha. Mlowanishe kwa kitambaa cha maji, mpepee, usimkandamize, zungumza naye kwa upole. Akizimia mlaze ubavu, usimtie kitu mdomoni, hata maziwa. Na mkimbize hospitali hata kama anasema yuko sawa."

Halafu linakuja zoezi la mwisho, ambalo walimu walilichukia. Kila mwanafunzi asimame aseme kwa sauti, kama yuko mlangoni mwa hospitali: "Dokta, ametumia kokeni." Basi. Mnadhani ni rahisi. Wengine walisema kwa kunong'ona, wengine waligeukia ukutani. Mwalimu mkuu mmoja akaniita ofisini: "Sista, unawafundisha watoto wangu kutamka uchafu." Nikamjibu kwamba mdomo ambao haujawahi kulitamka neno hautalitamka siku ya hofu. Hakunipa chai. Sikuwa nimeifuata.

Kwenye shule ya Neema, Iringa, nilifika akiwa kidato cha pili. Aliponiona nashuka kwenye pikipiki na blanketi langu begani, alizama chini ya dawati. Zamu yake ilipofika akasimama, akatazama viatu, akakataa. "Siwezi, Bi... Sista." Darasa zima likajua mimi ni bibi yake. Nilimruka. Jioni nyumbani aliniambia nimemwaibisha, na mimi nikamwambia aibu haijawahi kuua mtu. Nikajishika mdomo palepale, maana nilikuwa nimemkumbuka kijana wa Usangu.

Sasa niwapeleke Mbeya, ilipotokea ile simu.

Ilikuwa Jumamosi ya mwezi wa sita, baada ya chakula cha mchana, Mbeya wanapovaa makoti mawili. Mimi nilikuwa napanga nyanya. Neema alikuwa chuoni huko, amepanga chumba mtaa wa Soweto na rafiki yake Tusekile, kwenye nyumba ya mama mmoja wa Kinyakyusa, Mama Gwakisa, mwanamke mkarimu anayewahesabu wapangaji kama watoto wake. Simu ikaita.

"Bibi, shikamoo, Bibi, Tusekile anaumwa, anatetemeka, tumetoka kwenye bethidei ya mtu, amefika hapa anatetemeka, Mama Gwakisa amemfunika lakini haachi, Bibi tufanyeje?"

Alisema yote hayo kwa pumzi moja. Nilidhani ni hofu.

"Marahaba. Mguse shingo."

"Ni ya moto sana. Moyo unaenda mbio, nauona hapa kwenye shingo. Anasema kifua kinambana."

"Macho yake?"

"Ile mboni nyeusi imekuwa kubwa, Bibi. Nyeusi imejaa."

Nikauliza amekula nini huko kwenye bethidei. Akasema wali. Nikauliza na nini. Akasema na nyama. Kwenye simu unasikia mtu anavyopigana na ulimi wake, na nilimsikia. Nilitaka kupiga kelele, lakini mtoto ukimpigia kelele saa hiyo anakwenda kujificha kwenye uongo na huwezi kumtoa tena. Nikasema polepole, kama watu wa kwetu, "Neema, mimi leo si bibi yako. Mimi ni nesi. Amekula nini?"

"Amenusa kitu."

"Kina jina."

"Kokeni, Bibi. Kuna kaka alikuja nayo. Walisema haina shida, eti ni ya watu wa maana, sio kama zile nyingine."

Ya watu wa maana! Na kaburini huko nako kuna viti vya watu wa maana?

"Toa blanketi," nikasema. "Sasa hivi. Na jiko lipo?"

"Lipo hapa kitandani. Mama Gwakisa hataki..."

Simu ikanyakuliwa. Sauti ikaja, na mara moja nikamkumbuka Sista Tumpe.

"Halo! We ni nani unayesema mtoto avuliwe blanketi? Huku Mbeya, mama, siyo kwenu huko! Mtoto anatetemeka meno yanagongana, we unasema nimwanike?"

"Kamwene, dada yangu. Mimi ni bibi yake Neema. Ni nesi."

"Manesi nawajua! Hii ni homa. Mimi nimezaa saba, nimewafunika wote, wapo hai wote, mmoja ni polisi. Nimeshamwita na mzee wa kanisa aje amwombee. Na maziwa yanachemka jikoni."

Mngefanya nini ninyi? Kumwambia amekosea? Mama wa watoto saba haambiwi amekosea kwa simu na mwanamke asiyemjua. Na kila dakika niliyobishana naye ilikuwa ya Tusekile. Nikaiminya simu sikioni mpaka sikio likauma.

"Dada," nikasema, "sibishani na wewe. Umewalea wengi kuliko mimi. Naomba kitu kimoja tu. Ingiza mkono wako chini ya hayo mablanketi, uweke mgongoni kwake, halafu wewe mwenyewe uniambie kama hiyo ndiyo homa uliyowahi kuiona."

Nikasikia kitanda kikilia. Nikasikia mtoto wa watu akihema haraka haraka. Nilikuwa nimesimama kando ya barabara na nyanya mkononi, nimeifinya mpaka maji yake yananitiririka kwenye kiwiko, na namwambia Mungu maneno ambayo si sala.

"Mama yangu," akasema Mama Gwakisa, na sauti yake ilikuwa imepungua kabisa. "Huyu anaungua."

"Ndiyo."

"Anaungua kwa ndani, mama! Neema! Vuta hayo mablanketi! Toa hilo jiko nje! Fungua dirisha, fungua na mlango!"

Sijapata kumsikia mwanamke akibadilika haraka hivyo. Akalowanisha kanga zake mbili, moja akamzungushia mtoto shingoni na kwapani, nyingine akawa anampepea nayo. Mzee wa kanisa alipotokea na Biblia yake akaamriwa akaite bajaji, akaenda mbio. Maziwa yalimwagikia jikoni, hakuna aliyeyajali. Ndani ya bajaji Tusekile akakakamaa akaanza kurusha miguu, nami nikapiga kelele kwenye simu: "Ubavu! Mlazeni ubavu, msimtie kitu mdomoni!" na Mama Gwakisa akamlaza juu ya mapaja yake kwa ubavu, huku anamwimbia kwa Kinyakyusa wimbo ambao nadhani aliwaimbia wale saba.

Tusekile alilazwa. Walimpoza, wakamtuliza moyo, na kwa muda hatukujua kama figo zake zitaamka. Ziliamka. Leo anasoma, lakini kifua kikimbana kidogo akipanda ngazi anakaa chini na kulia, na mama yake hataki afunge mlango akiwa ndani. Hayo hawakumwambia kwenye bethidei. Yule kaka wa watu wa maana hajaonekana tena.

Ningeweza kuishia hapo. Lakini nimeruka kitu, na nimekiruka kwa makusudi, kwa sababu kila nikikifikia natamani kuishia hapo.

Walipofika mlangoni mwa hospitali simu ilikuwa bado hewani mkononi mwa Neema. Nilisikia kila kitu. Nilisikia machela ikija, na kijana mmoja, nadhani ndiye daktari, akiuliza haraka, "Ana nini huyu?" Na Mama Gwakisa, yule yule aliyekuwa amejua ukweli kwa kiganja chake, akajibu bila kusita, "Ni homa, baba. Homa kali imempanda." Hakusema kwa ubaya. Alimwona binti wa watu, na watu wamejaa kwenye mabenchi wanatazama, akafanya kama yule mzee wa Usangu. Alimfunika.

Nikataka kupiga kelele. Nyanya zilikuwa mbele yangu, basi lilikuwa limesimama, wateja wananiita, na mimi nilikuwa kwenye wodi ile ya zamani nikiliangalia shuka.

Ndipo nikasikia sauti ya mtoto aliyewahi kuzama chini ya dawati.

"Dokta, ametumia kokeni."

Aliisema kwa nguvu, mpaka waliokuwa kwenye mabenchi wakageuka. Nikashukuru. Machozi yalinitoka, nikawaza, haya, Mungu wangu, kumbe alikuwa anasikia. Nikawa nataka kumpongeza. Lakini hakuwa amemaliza. Alivuta pumzi, ile pumzi fupi ya haraka niliyokuwa nimeisikia tangu mwanzo nikaiita hofu, na akasema tena, kwa sauti ndogo zaidi:

"Na mimi nimetumia."

Nikakaa juu ya tenga la nyanya. Yote niliyowahi kusema kwa watoto wa watu yalinijia mdomoni: maswali, lawama, mama yako atasema nini, nilikufundisha mwenyewe. Sikuyasema. Nilikumbuka baridi ya Mbeya ya mwezi wa sita, na koti zito la bluu nililomnunulia mimi mwenyewe, lenye manyoya ndani, nikimsisitiza asilivue.

"Neema," nikasema, "vua koti."

Nikasikia zipu ikishuka.